Kulabu Zilizofukiwa na Tope

Jirani yangu hapa mtaa wa Isevya, Tabora mjini, ni fundi wa kuchomelea, na kila asubuhi huanza kazi kwa kuburuta mnyororo juu ya sakafu ya saruji. Wenzangu mtaani wanalalamika kuwa anawaamsha. Mimi huwa nimekwisha kuamka, nimekaa na chai yangu, maana safari yangu ndefu siku hizi ni ya kutoka kitandani hadi barazani. Lakini mlio ule hunisafirisha bila ridhaa yangu. Hunipeleka njia ya Ipole, kwenye mbuga ya udongo mweusi, nikiwa msichana wa miaka kumi.

Baba alikuwa dereva wa lori la kijiji kimoja cha ujamaa, mbele ya Sikonge. Mama alibaki Tabora mjini na nyumba yetu, na likizo moja nikapelekwa kwa Baba nikabadilishe hewa. Hewa niliibadilisha kwa kulia siku tatu. Nililia kwa ajili ya kitanda changu, kwa ajili ya maandazi ya Mama, na nadhani hata kwa ajili ya ukuta wa choo chetu. Aliyenituliza ni Baba mdogo Ramadhani, mdogo wake Baba, ambaye alikuwa utingo wa lori hilohilo. Siku zisizo za kupakia alipanda miti mirefu na kutundika mizinga ya nyuki. Alikuwa akishuka na sega la asali, uso umevimba, ananiuliza kama nyuki wa mjini wanauma kwa adabu.

Baba alilipenda lori lile kama watu wanavyopenda ng'ombe wa maziwa. Chini ya pua ya lori palikuwa na kulabu mbili nene, zimeshikamana na chesisi, naye alikuwa amezipaka rangi nyekundu.

"Lori linavutwa hapa tu," aliniambia, akizigonga kwa spana. "Chesisi ndiyo uti wa mgongo. Bampa ni sharubu. Wewe umeona mtu anavutwa kwa sharubu?"

Nilicheka sana. Bampa lenyewe lilishikwa na bolti nne, na mbili zilikuwa zimeliwa na kutu. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu.

Siku ya kurudi mjini nilikuwa wa kwanza kupanda. Nilivaa viatu vyeupe vya turubai, nimevipaka chaki mwenyewe ili Mama asidhani nimegeuka mtu wa porini. Nyuma tulibeba marobota ya tumbaku. Mvua za mwisho zilikuwa hazijakauka, na njia ile ni ileile waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani. Nina hakika hata wao wakifika mbuga ile walitua mizigo wakatukana. Magurudumu ya mbele yalizama, na lori likalaza pua kwenye tope.

Kijiji kizima kilikuja, maana lori lilikuwa la wote na aibu yake ilikuwa ya wote. Alikuja mwenyekiti, likaja na trekta jipya pamoja na kijana wa kuliendesha, aliyekuwa na wiki mbili kazini. Baba alikaa kwenye usukani. Baba mdogo alikuwa nyuma na wenzake wakikata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Kutoka kwenye kiti chake Baba hakuweza kuona chini ya pua, akanigeukia.

"Shuka ukatazame mnyororo wameufunga wapi. Kama ni kwenye kulabu, nipungie mkono. Kama siyo, waambie wachimbe mpaka wazione."

Nilishuka hadi kwenye kipandio cha mlango, na hapo ndipo nilipoishia. Chini yangu palikuwa na tope la kufika magotini. Ila nikuambie ukweli, sikuhitaji kwenda mbali zaidi ili kuona. Kulabu zilikuwa zimefukiwa. Mnyororo ulikuwa umezungushwa kwenye bampa.

"Baba amesema kwenye kulabu," nilisema, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri.

"Dereva amekaa, sisi tumesimama topeni tangu saa nne," mwenyekiti alinijibu. "Chuma hiki, binti, na umati huu. Kitatushindaje?"

Watu wakacheka. Kuzichimbua kulabu kungechukua saa nzima, na jua lilikuwa limeanza kushuka, nami nilitaka kufika nyumbani. Nikampungia Baba mkono.

Trekta likanguruma, mnyororo ukanyooka. Baba mdogo akaja mbio na matawi kifuani, akainama kuyasukuma chini ya gurudumu la mbele. Upande mmoja wa bampa uling'oka kwanza. Likazunguka kama mlango uliopigwa na upepo, likampata chini ya goti. Mlio wa mfupa ulikuwa mdogo, kama wa kuvunja kuni kavu.

Mguu ulipona kwa kupinda. Hakupanda mti tena. Alikaa chini akichonga mizinga ili wengine wakaitundike. Kwenye mkutano wa kijiji alimwuliza Baba mbele ya watu, "Kaka, wewe ndiye uliyezipaka rangi zile kulabu. Hukushuka kutazama?"

"Sikushuka," Baba alijibu. Basi. Hakutaja mkono wa mtu yeyote.

Nilikuwa nimekaa kati ya akina mama, nimeuma upindo wa kanga ya mmojawao. Kijiji kikamwondoa Baba kwenye lori, akarudi mjini, na tangu siku hiyo ndugu wale wawili hawakula sinia moja. Idi zilikuja zikapita. Baba hakuniuliza kitu hata mara moja, nami nikajipongeza kuwa amesahau. Nilimaliza sekondari nikiamini hivyo. Huko walinifundisha habari za kani, zile nguvu za kuvuta na kusukuma, na nikachora mishale yake ubaoni bila kulifikiria lile bampa.

Baba alipofariki, Baba mdogo alikuja kwa basi na fimbo yake. Siku ya tatu ya matanga nilimpelekea kahawa barazani, na yote yakanitoka.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi."

"Na ulikuwa na haraka ya nini?"

"Nyumbani."

"Bado ndivyo ulivyo," akasema, akatabasamu kidogo. Halafu tabasamu likaondoka. "Mtoto wa miaka kumi ningemsamehe kabla mguu haujavimba. Kaka yangu nimemnyima salamu mpaka kaburini."

Utoto wote niliuona udogo wangu kama kitu cha kunipatia fimbo. Sikujua kuwa udogo huohuo ulikuwa ndio msamaha wenyewe, na kwamba sentensi moja kutoka kwangu ingewarudisha watu wawili kwenye sinia. Baba alinyamaza ili anikinge mimi. Mimi nilinyamaza ili nijikinge mimi. Aliyelala macho na swali lake miaka yote hiyo ni mwenye mguu.

Kesho yake nilimsindikiza stendi, nimembebea mfuko. Njiani alisimama mara mbili, akatazama chini, wala haikuwa kwa sababu ya mguu, ilikuwa kwa sababu ya kaka yake.