Moyo wa Mama Ulikwenda Mbio

Mwishoni mwa miaka ya themanini Mama aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipotoka hospitalini alitembea, alipika, na alitujua sote, lakini jambo jipya halikukaa kichwani hata robo saa. Tuliishi naye Kisumu, mimi na dada yangu mkubwa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, najiona msomi.

Jumamosi moja walimu wenzangu walinitembelea. Mama akawauliza, "Mmekula?" Wakasema ndiyo. Akauliza tena, na tena. Mara ya sita mmoja wao akacheka. Nilimshika Mama mkono kwa nguvu, nikamburuta hadi jikoni.

"Nyamaza! Unaniaibisha!"

Alilia. Wageni walipoondoka nilimkuta anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, ametulia kabisa.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "umekula?"

Nilishukuru kwamba amesahau. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Na kwa kuwa alisahau, nikawa namfokea kila nilipochoka. Nani angenishtaki?

Baada ya miezi michache akaanza kushtuka nikiingia. Dada akimpa chai, anakunywa. Nikimpa mimi, anaweka kikombe chini. Tukampeleka kwa daktari.

"Mama, huyu ni nani?" daktari akauliza.

"Si ni kitinda mimba wangu."

"Mbona umekaa mbali naye?"

Mama alinitazama kama anayeomba radhi. "Sijui, Daktari. Nikimwona tu, moyo unakwenda mbio."

Daktari alitueleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu mbili zinazopakana. Moja huhifadhi mambo yaliyotokea, na ya Mama ilikuwa imeharibika. Nyingine hushika hofu, na hiyo ilikuwa nzima.

"Tukio linapotea, uchungu unabaki. Nyumbani kuna mtu anayemfokea?"

"Hakuna, Daktari," nikajibu haraka.

Dada aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Hakunisuta, siku hiyo wala baadaye.

Mama aliishi miaka mitatu zaidi. Sikumpandishia sauti tena. Nilimwomba msamaha mara nyingi, na kila mara alinijibu kwa upole, "Kwani umefanya nini?" Sikuwahi kupata ujasiri wa kumweleza. Mwaka wa mwisho alianza kupokea chai kutoka kwangu, lakini alinyoosha mkono polepole, macho yake usoni mwangu, na niliporudi nyuma hatua mbili ndipo alipokunywa.