Shanga za Mama Shingoni mwa Sista

Harufu ya shanga mpya naijua hata nikifumba macho: mafuta ya mbuzi, udongo mwekundu, na jasho la mtu aliyezitunga. Likizo moja ya miaka ya sabini, nyumbani kwetu Kakuma, mama alishinda akitunga shanga, nyekundu na buluu, duru juu ya duru. Nilijua ni zangu, maana mama hakuwa na binti mwingine. Wenzangu waliobaki na mbuzi walikuwa na shanga mpaka kidevuni, na mimi shingo tupu, kwa sababu shuleni kwetu Lodwar masista hawakutaka shanga juu ya yunifomu. Nikajiambia, sikukuu ya masista waanzilishi ikifika, mama atanivisha mbele ya shule nzima, tuone nani atanikataza.

Sikukuu ikafika. Uwanja ulifagiliwa, mbuzi wakachinjwa, akina mama wakaletwa na lori la misheni wakiwa vumbi tupu. Sisi wanakwaya tulipangwa mbele ya Sista Bernadeta, mzungu mzee aliyeanzisha shule ile na wenzake, enzi hizo wakifundishia chini ya turubai. Mama akashuka na shanga mkononi. Alipofika kwangu akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, mwanangu," wala hakusimama! Akaenda moja kwa moja kwa Sista, akamvisha zote juu ya kanzu yake nyeupe. Akina mama wakaimba na kuruka, Sista akalia kwa furaha. Mimi nililia kwa wivu, nikashindwa kuimba. Yaani yeye aliyetuvua shanga ndiye avishwe! Esinyen, rafiki yangu, akaninong'oneza, "Pole, Akiru. Shanga zako zimeolewa na Sista." Nikamfinya mpaka akakosea wimbo. Nyama ya siku ile sikuigusa, na mimi ni mtu wa nyama. Muhula mzima Sista akiniita nilimtazama shingo, si uso.

Nilikuwa tayari mwalimu, mwenye watoto wangu, nilipopata ujasiri wa kumuuliza mama kwa nini alimpa mzungu shanga zangu. Akacheka, akatema tumbaku.

"Zilikuwa zako, nani amekataa? Lakini baba zako wadogo walishaanza kuuliza shingo yako itajaa lini, waite wenye ng'ombe wa mahari. Msichana akijaa shanga si ameiva? Nikawaambia, shanga zimekwisha, amechukua Sista. Sasa nani angethubutu kwenda kumnyang'anya Sista?"

Nilicheka naye, jamani, nikacheka mpaka machozi. Mama huyu! Kumbe nilisoma kwa ujanja wake.

Siku hizi shule ile imebadilika. Sikukuu ya masista ikifika wasichana wanacheza na shanga zao, walimu wanapiga makofi na simu zinapiga picha. Mwaka huu nilialikwa, nikakaa na wageni wa heshima, mwalimu mstaafu mwenye kiti cha mbele. Mama mmoja akamvuta binti yake kando ya uwanja, akamvisha, akamgeuza, kisha akamnyooshea duru moja nyuma ya shingo kwa vidole viwili, taratibu. Binti akalalamika kwamba anachelewa kucheza. Nikageuza uso. Mama yangu ametangulia, na ninamshukuru kila siku kwa elimu hii. Lakini yule mtoto nilimwonea wivu, tena wivu mkali, kwa sababu mikono ya mama yangu haikuwahi kunivisha shanga hata moja.