Pampu ya Nimia

Januari ile joto la Ciudad del Este, huku kwetu Paraguay, lilikuwa la kuoka mkate barabarani, na katika nyumba moja ya mtaa wetu kompyuta ilikuwa inapiga kelele kama ndege inayotaka kuruka. Mwenye kompyuta alikuwa Nimia Ovelar, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi na masikio ambayo hayakukosa kitu. Kazi yake ilikuwa kurekodi wapiga kinubi. Harusi, misa, ngoma za mtaani, ukisikia kinubi redioni upande huu wa mto Paraná, basi huenda kilipitia chumba chake cha nyuma.

Wiki hiyo alikuwa na kazi aliyoitaka kuliko zote. Mzee Crispín Zárate, mpiga kinubi ambaye sisi wote tulikua tukimsikiliza, alikuwa amemletea kaseti iliyotafunwa na unyevu. Ndani yake mlikuwa na gitaa la mdogo wake, Toribio, aliyefariki zamani. Mzee alitaka kitu kimoja: apige kinubi chake pamoja na gitaa lile, kana kwamba wamekaa wawili kibarazani.

Nimia alihangaika na kaseti mpaka gitaa likatoka kwenye mikwaruzo. Lakini kuisafisha sauti ile na kuipeleka masikioni mwa mzee huku akipiga kulihitaji kompyuta ifanye kazi kwa nguvu zote. Ikifanya kazi, inapata moto. Ikipata moto, feni zake zinavuma, na maikrofoni ya kinubi inameza uvumi wote. Kuwasha kiyoyozi haikuwezekana, kwa sababu vidole vya mzee vilikakamaa kwenye baridi. Kuihamishia kompyuta chumba kingine pia haikuwezekana, maana nyumba ilikuwa na kile chumba, jiko na kitanda tu.

"Nitaipoza kwa maji," Nimia akamwambia mumewe asubuhi moja.

Derlis alikuwa fundi wa visima. Alikuwa ameshika kibuyu cha tereré, anafyonza chai yake baridi, na nusura imtoke puani. "Maji? Ndani ya kompyuta? Mke wangu, jua limekupiga?"

"Hayaigusi mitambo. Yanapita kwenye mpira, yanachukua joto pale kwenye prosesa, yanakwenda kupoa kwenye rejeta, yanarudi. Kama gari lako."

"Gari langu linachemka kila tukipanda mlima."

"Kwa sababu ni lako. Twende, tukachague pampu."

Neno pampu lilimfanya Derlis asimame. Huo ndio ulikuwa uwanja wake. Alivaa viatu kabla ya Nimia.

Duka walilokwenda lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la vifaa vya umeme, na mwenyewe alikuwa Don Wei, yaani Bwana Wei, mtoto wa Wataiwani aliyezaliwa hapa hapa na anayejua kutukana kwa Kiguarani, lugha yetu ya nyumbani, kuliko sisi. Aliweka pampu mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ndogo ya mraba, inaenea kiganjani. Nyingine ilikuwa ya duara, nene kama kopo la maziwa, na nyuma yake kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, cha kupunguza mwendo.

Derlis akaidaka ile ndogo. "Ipi ina nguvu zaidi?"

"Hiyo hiyo," akasema Don Wei. "Inasukuma maji hata kwenye njia nyembamba, yenye kona nyingi. Ile ya duara inapitisha maji mengi, lakini msukumo wake ni mpole."

"Basi tumemaliza. Pampu ni nguvu, bwana. Funga tuondoke."

"Ngoja," akasema Nimia. Akafungua mkoba wake. Wateja waliokuwa karibu wakageuka, kwa sababu alichotoa ni maikrofoni, na baada yake spika za masikioni. "Don Wei, una tangi na mpira hapo? Na rejeta, na ile sahani ya kubana juu ya prosesa? Ziunganishe kama zitakavyokaa kwangu. Nataka kuzisikia."

"Bi Nimia, watu huja hapa kuuliza rangi ya taa."

"Mimi taa nitaifanyia nini?"

Don Wei akacheka, akaunganisha. Maji yakamiminwa, ile ndogo ikawashwa. Kwa masikio matupu dukani, mtu hakusikia kitu. Derlis akainua mikono kama aliyefunga goli. Lakini Nimia alikuwa amesogeza maikrofoni, macho ameyafumba, na midomo yake ikaanza kuimba noti moja nyembamba, ndefu.

"Msikie," akasema, akamvisha Derlis zile spika. "Mbu. Na huyu mbu anaimba karibu kabisa na sauti ya uzi mmoja wa kinubi cha Don Crispín. Akipiga uzi ule, watagombana."

Derlis alisikiliza, akakunja uso. "Anaimba kweli, mjinga huyu."

Ikawekwa ile ya duara. Kwa mwendo wa juu nayo ilinguruma. Umati, maana sasa ulikuwa umati, ukaguna. Nimia akazungusha kitufe polepole. Ngurumo ikashuka, ikawa pumzi, kisha Nimia akafumbua macho, na uso wake ukang'aa.

"Imepotea! Imepotea kabisa!"

"Na maji nayo yamepotea," akasema Derlis. "Kwa mwendo huo wa konokono hayatafika popote."

"Wewe ndiye fundi. Angalia."

Derlis akauchomoa mpira wa kurudisha maji, akauelekeza kwenye ndoo, akauinua juu kadiri ya kimo cha kompyuta. Maji yakaendelea kutoka, mkondo mzima, bila kukatika, ingawa yalipita kwenye sahani na rejeta. Akaushusha, akauinua tena. Akamtazama mkewe.

"Yanatosha," akasema. "Potelea mbali, yanatosha!"

Watu wakapiga makofi kama wametazama mieleka.

Nyumbani walifunga kila kitu, wakatandika karatasi chini ili tone lolote lionekane, na kompyuta yenyewe wakaiacha imezimwa. Pampu peke yake ndiyo iliyopewa umeme. Ikatoa mlio wa kutisha, kama mtu anayesukutua mawe. Nimia akashika kichwa. "Nimechagua vibaya!"

"Zima! Zima!" Derlis alikuwa tayari amepiga magoti. "Hujachagua vibaya. Inakula hewa. Umeweka tangi chini na pampu juu. Pampu hii haijui kunyonya, inataka kuletewa." Akalihamishia tangi juu, akaiinamisha kompyuta huku, akaiinamisha kule, na mapovu yakapanda moja baada ya jingine. Wakaiwasha tena. Kimya. Nimia akaikalisha pampu juu ya kipande cha sponji ili mtetemo usipite kwenye chuma, na kimya kikazidi kuwa kimya. Karatasi zilibaki kavu.

Wakakumbatiana huku wameloa jasho.

Don Crispín alikuja kesho yake mchana, jua likiwa kali kama alivyopenda. Alikaa, akakiegemeza kinubi begani, akavaa spika za masikioni. Sisi majirani tulibanana jikoni, tumekatazwa hata kukohoa. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu zote, feni zake hazivumi tena, na kilichosikika pekee chumbani kilikuwa ni mzee akivuta pumzi.

Nimia akampa ishara. Tukaona mabega ya mzee yakishtuka. Gitaa lilikuwa limeanza masikioni mwake.

Hakupiga. Alisikiliza tu, kichwa kimeinama, kisha akacheka kwa sauti. "Huyu Toribio! Bado anakimbia! Siku zote alinikimbia kwenye sehemu hii!"

"Turudie, Don Crispín?" Nimia akanong'ona.

"Rudia, binti. Safari hii nitamkamata."

Akamkamata. Walipofika mwisho wa wimbo, kinubi na gitaa vilitua pamoja. Derlis alikuwa wa kwanza kusahau katazo, akapiga ukelele uliomo mpaka leo kwenye rekodi, maana mzee alikataa kabisa ukatwe.