Mtu wa Mtumbwi Usio na Kasia

Niliyoyaona niliyaona saa saba mchana, jua la utosi, sina homa wala sijaonja pombe ya lubisi. Nimefundisha fizikia miaka mingi hapa Bukoba, si mtu wa kuona vivuli. Nisikilize kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Nilipostaafu nilijitengenezea mashua ndogo ya tanga. Nilikuwa nikiondoka nayo peke yangu kwenye mwalo mmoja wa Muleba, wanakotia nanga wavuvi, kwenda kisiwa cha Bumbire, anakofanya kazi ya uuguzi binti yangu Koku. Kisha kiharusi kikaniacha na mkono wa kushoto mzito. Ukiwa peke yako mashuani, mkono mmoja hushika usukani na mwingine huvuta kamba za tanga. Mimi nilibaki na mmoja. Mke wangu akaniambia wazi: nitafute kitu cha kunishikia usukani, au mashua iuzwe.

Fundi Deo wa Kitendaguro alikuwa na vifaa viwili vya umeme vya kazi hiyo, vyote vimeshatumika. Cha kwanza kidogo, mfano wa pampu ya baiskeli. Unakifunga kwenye mkono wa usukani, nacho kinausukuma na kuuvuta kikifuata dira iliyomo ndani yake. Upepo ukikizidi nguvu kinashindwa, kinapiga kelele. Cha pili kilikuwa kikubwa, kimya kabisa, kinafuata dira na upepo pia, na hakishindwi. Deo alinishauri nichukue kikubwa. Alisema nguvu ya kifaa ipimwe kwa uzito wa mashua ikiwa na mzigo, si ikiwa tupu. Hata mimi ningemwambia mwanafunzi hivyo hivyo. Nikaomba nivijaribu vyote, nikaanza na kile kidogo.

Siku hiyo upepo ulikuwa mpole. Nilikiwasha, nikaachia usukani. Umewahi kuona usukani ukijigeuza wenyewe? Nilicheka peke yangu. Nikafungua ndizi zangu nilizofungiwa nyumbani, nikala.

Nilipoinua kichwa, palikuwa na mtumbwi ubavuni mwangu. Ndani yake alikaa mtu mzima, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, mikono juu ya magoti. Hakuwa na kasia, hakuwa na tanga wala injini. Na bado tulikwenda sambamba, kama watu wawili wanaotoka kanisani.

Alinisalimu kwa Kihaya, kwa adabu, akiniita waitu. Nikaitikia. Tukaongea habari za mvua, mibuni, watoto. Niamini, sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Kisha akauliza, "Nani anakushikia usukani?"

Nikamwambia ni mashine.

"Basi mashua itafika yenyewe," akasema. "Wewe una kazi gani humo? Njoo huku upumzike."

Nikaona amesema jambo la maana. Ndiyo, mimi, mwalimu wa fizikia! Nilisimama, nikapitisha mguu mmoja nje ya mashua. Yeye akasogea kidogo kunipa nafasi.

Ndipo upepo ukavuma ghafla. Kifaa kikashindwa, kikaanza kulia. Mashua ikageuka, na boriti ya tanga ikanipiga begani ikaniangusha ndani. Nilipoinuka, mguu wangu ulikuwa umelowa hadi gotini, na ziwa lilikuwa tupu pande zote.

Fikiria ningekuwa nimefunga kile kikubwa. Mashua ingekwenda moja kwa moja hadi Bumbire, na Koku angeipokea bila baba.

Mwaloni nilimsimulia bibi mmoja aliyekuwa akianika dagaa. Hakuuliza mtu yule alifananaje. Aliuliza tu, "Uliitikia?" Nikasema ndiyo. Akanitazama kidogo, kisha akaendelea kuanika dagaa wake. Wazee wetu wangemtaja Mugasha, mwenye ziwa. Mimi ni Mlutheri, sijui la kusema.

Nilichukua kifaa kidogo. Deo alidhani kiharusi kimefika kichwani. Kile kikubwa kikachukuliwa na Sosthenes, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Kimwani, naye husafiri peke yake kama mimi. Nilimfuata hadi kwake nimwonye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mwalimu, yule mzee mbona namfahamu," akasema. "Kila wiki tunakwenda naye. Mtu mzuri sana. Amenikaribisha kwake, bado tu sijapata nafasi."

Nilimsihi, na mkewe akamsihi. Hadi leo anasafiri, na kila nikisikia mashua imeonekana mahali, nauliza kwanza kama ina mtu.

Nami bado navuka, kwa sababu binti yangu yuko kule. Najifunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye mlingoti, na siifungui mpaka nikanyage mchanga. Mara mbili nimesikia sauti ikiniita waitu, karibu kabisa na sikio. Sikugeuka.

Wewe unayetafuta kifaa cha namna hii, chagua ukipendacho, cha dira au cha upepo. Lakini jifunge kamba. Na mtu asiye na kasia akikusalimu katikati ya ziwa, usiitikie. Utakuwa umekosa adabu, lakini utafika.