Pumu Ambayo Sikuwa Nayo

Miaka ya tisini, nikisoma sekondari Nachingwea, nilikimbia mita elfu moja na mia tano na hakuna msichana wilayani aliyenipita. Kisha koo likaanza kunifunga. Mzunguko wa tatu, hewa ilikataa kuingia. Nikivuta, koo lilikoroma kama la jogoo anayechinjwa. Nikisimama dakika chache, napumua kama kawaida.

Zahanati, mganga aliandika "pumu" hata sijakaa vizuri. Vidonge vyake vilinitetemesha mikono mpaka kalamu ikanishinda, na uwanjani koo liliendelea kufunga.

Kwenye mashindano Ruangwa nilianguka kona ya mwisho, nimejishika shingo. Mwalimu wa michezo akasimama juu yangu mbele ya shule zote.

"Mwigizaji huyu," alisema. "Akiona anashindwa, anajifanya kakata pumzi."

Akanitoa kwenye timu. Mama yangu, mkulima wa korosho kutoka Marambo, Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni, alimfuata kumwuliza. Mwalimu alimjibu harakaharaka, makusudi, asielewe. Hilo sijamsamehe.

Miaka saba baadaye, nami nikifundisha Ruangwa, koo bado likinifunga kila nikikimbia, daktari mmoja mwanamke wa hospitali ya misheni aliniuliza, "Hewa inakataa kuingia au kutoka?"

"Kuingia."

"Inakwama kifuani?"

Nikagusa koo.

"Basi kazunguke jengo hili mbio mpaka koo lifunge, urudi hapahapa."

Nilirudi nikikoroma. Akaniingiza mdomoni kioo kidogo chenye mpini, akatazama.

"Mapafu yako mazima. Nyuzi za sauti zinakutana unapovuta hewa, wakati zinatakiwa ziachane."

Akanifundisha kulegeza mabega, kunusa kwa pua kama anayenusa mboga jikoni, halafu kupuliza polepole kwa midomo iliyobanwa. Nilifanya mazoezi hayo kila jioni, wiki baada ya wiki, mpaka koo likatii.

Hasira ndiyo haikutii. Maswali mawili tu, na kabla ya daktari yule hakuna aliyeyauliza. Nilikwenda Nachingwea kwa yule mwalimu, wakati huo mkuu wa shule, nikamweleza yote.

"Si umeshapona?" alisema, akitabasamu. "Ya zamani hayo."

"Mwalimu, nilikuwa natafuta hewa, ukaniita mwongo."

Akasogeza karatasi zake mezani. Nikatoka bila kumpa mkono.

Mwaka huo nilikimbia mbio za walimu, nikawa wa nne. Sikukoroma hata mara moja, na mpaka namaliza nilikuwa bado nimekasirika.