Birika la Chumba cha Kushonea

Jina la Balozi hakulichagua mwenyewe. Alibandikwa na mafundi wenzake saba wa chumba cha kushonea, asubuhi alipoingia kazini na chupa yake ya chai kwapani. "Jamani, simameni, balozi amewasili!" fundi mkuu alitangaza. "Huyu hanywi cha wenyeji." Chumba kizima kikaangua kicheko, na jina likamganda kama kupe.

Siku moja kabla, daktari alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: sukari imepanda, na asipojizuia, macho yatakwenda. Naye kwa macho hayo alikuwa amewalea binti zake wawili, miaka kumi na tisa cherehani mbele yake.

Chai ya pale ilipikwa kwa zamu, na sukari ilimiminwa humo humo birikani, vikombe viwili vilivyojaa pomoni. Kukataa chai kulihesabiwa kuwa ni kuwakataa watu. "Dada, umetuona wachafu?" mkata vitambaa alimwuliza kila siku saa nne. Chupa ilidumu siku nne. Siku ya tano alikipokea kikombe kwa haya. Ya sita alikifuata mwenyewe.

Mwezi haukuisha kabla hajaunga mikono ya mashati kumi na mawili ya shule nje ndani, asitambue uso wa kitambaa. Alipokuwa akiifumua mmoja mmoja, ndipo alipoelewa kwamba adui yake hakuwa ulimi wake peke yake. Adui alikuwa pia lile birika.

Zamu yake ilipofika, alipika chai isiyo na sukari, akaweka bakuli la sukari na kijiko kando.

Fundi mkuu alionja, akatemea dirishani. "Hii ni chai au maji ya kusuuzia?"

"Sukari hiyo hapo, kaka. Mkono unao."

"Hapa tunakunywa pamoja, Balozi. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

"Nimelifumba mwezi mzima, na sasa linakataa kufumbuka. Yatazame mashati yale! Nikipofuka, utanishonea wewe?"



"Kesho zamu ni yangu," mkata vitambaa alisema, "nami nitatia sukari kama kawaida."

"Hutatia. Kuanzia leo zamu zote ni zangu. Anayetaka kuwahi alfajiri kuwasha jiko, aje anipokonye birika."

Walitazamana. Kuwasha jiko hakuna aliyekupenda. Mkata vitambaa alijitilia vijiko vitatu, akakoroga, akanywa. Wiki ya pili vilikuwa viwili, wala hakuna aliyemwambia apunguze.

Fundi mkuu hakubadilika. Mpaka leo hujitilia vinne, akigonga kikombe makusudi ili asikike. Balozi hageuki. Asubuhi hii, kikombe kikilia nyuma yake, alishona kifungo cha mwisho cha shati la mteja, akapiga fundo, akakata uzi.