Jumapili Tuliyomngoja Yona

Mwaka niliomaliza darasa la nane, wazazi wangu walikuwa hawasemezani. Haukuwa ugomvi wa kurushiana sufuria. Baba alikuwa amesema mbele ya wageni, kikombe mkononi, kwamba mursik ya dada yake inashinda ya kwetu. Mtu wa mbali atashangaa: maziwa tu? Lakini mursik kwetu sisi Wakipsigis ni maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa kwa ndani, na kila mwanamke anayatengeneza kwa jina lake. Mama aliwamiminia wageni wakashiba, akawasindikiza hadi barabarani akicheka nao, akarudi ndani, na hakumsemesha baba tena. Baba naye akashikilia kwamba amesema ukweli na ukweli hauombewi msamaha. Mvua ndefu ikanyesha ikaisha, mahindi yakavunwa, na bado.

Dada zangu walikuwa wameshaolewa, kwa hivyo kazi ikaniangukia mimi.

"Ambia baba yako chai iko tayari," mama angesema, na baba ameketi pale pale, goti karibu liguse birika.

"Baba, chai iko tayari."

"Ambia mama yako nimesikia."

Kazi hiyo niliipenda, kwa nini nifiche? Na niliifanya kwa ufundi, hasa mmoja akiwa jikoni na mwingine shambani. Mama akisema, "Uliza huyo mtu kama majani ya chai yatatembea yenyewe mpaka kituoni yakapimwe," mimi nilikimbia mpaka kwenye michai nikasema, "Baba, mama anauliza kama akusaidie kubeba." Baba akinguruma kwamba hahitaji msaada wa mtu mwenye kinyongo, nilirudi nikasema, "Baba anashukuru." Mama aliniangalia kwa jicho la pembeni, lakini hakuniuliza zaidi.

Januari nikaitwa shule ya bweni, mbali kidogo, upande wa Kericho. Majirani walikuja kunipongeza nikaangua kilio, wakadhani ni furaha. Ilikuwa hofu. Nikiondoka, nani atawasemea hawa wawili? Niliwaona kabisa, muhula mzima jikoni, chai ikipoa, kila mmoja akimngoja mtoto ambaye hayupo. Nikaamua kimoyomoyo kwamba siendi. Ningesingizia tumbo, ningerudia darasa, lolote. Sikumwambia mtu.

Basi kulikuwa na jirani yetu mmoja, fundi wa mitambo aliyetoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Alikuwa amenunua televisheni na mashine ya video, na Jumapili mchana alionyesha filamu katika chumba cha nyuma ya duka, sokoni karibu na Mogogosiek. Sisi watu wa kanisa hatukukanyaga huko. Video ilikuwa ya vijana na walevi. Lakini wiki hiyo mwenyekiti wa akina mama alipita pale dukani akamuuliza ataonyesha nini, na fundi akajibu kwa ukweli wake wote.

"Ni ya meli, mama. Kuna dhoruba mbaya sana, na kuna mtu anaanguka kwa maji."

Mwenyekiti hakuuliza zaidi. Meli, dhoruba, mtu majini: alikuwa ameshafika kwenye kitabu na sura. Kwenye maombi ya Alhamisi akatangaza kwamba Jumapili baada ya ibada tutakwenda sote kumwona nabii Yona.

Tulijaa hadi mlangoni. Wanaume walikaa kushoto na wanawake kulia, kama kanisani, na Biblia zilikuwa mapajani. Fundi alipomwona mchungaji akiingia mbele yetu alitoa macho, lakini hakuwa mjinga wa kurudisha wateja. Blanketi zikashushwa madirishani. Mchungaji akaomba, tena akaomba kirefu, na filamu ikaanza.

Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona maji mengi kuliko ya mtoni. Sasa yalijaa kioo kizima, na juu yake chombo kimoja cha tanga chenye mwanamume mwenye ndevu, mwanamke na msichana wa umri wangu.

"Yona ndiye huyo wa ndevu," mwenyekiti alisema.

"Na huyo mwanamke?"

"Ni bibi yake."

"Kwani Yona alikuwa na bibi?"

"Wewe nyamaza, ngoja samaki."

Waigizaji walizungumza Kiingereza cha puani. Akina mama wakaanza kunisukuma mgongoni: wewe si umeitwa sekondari, tuambie. Nikasimama kando ya benchi letu kutafsiri, kifua mbele, nikijiona mtu. Pale kwenye filamu, yule mke akamgeukia msichana akasema kitu.

"Anasema nini?"

Nilisita. "Anasema… mwambie baba yako chakula kiko tayari."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka puani. Yule wa ndevu naye, akiwa ameketi meza hiyo hiyo, akamjibu msichana.

"Anasema, mwambie mama yako sina njaa."

Sasa benchi zima lilikuwa linatikisika. Hakuna mtu mle ndani ambaye hakuijua nyumba yetu. Upande wa wanaume mtu alikohoa kikohozi cha uongo. Mama aliketi wima, akatazama mbele bila kupepesa, na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini kicheko kilikwisha chenyewe. Filamu ilikuwa na kitu kibaya ndani yake. Usiku ulipoingia kule baharini nyayo zilisikika juu ya sitaha na hakuna mtu. Maji yalidondoka kitandani kwa mtoto, na paa halikuwa likivuja. Sahani yake ilijazwa kila mlo, na kila mlo ilibaki imejaa. Kwa kuwa nilikuwa mwenye kazi moja na yeye, mimi ndiye niliyegundua kwanza: yule msichana hakuwahi kubeba neno hata moja. Aliambiwa tu. Wazazi walijibizana kama vile ameshafikisha. Sauti yangu ya kutafsiri ikazidi kupungua.

Kisha dhoruba ikarudi. Mke akafungua kabati, akatoa koti dogo lililolowa, akageuka kuelekea mezani, na kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kitupu tangu mwanzo. Mtoto alikuwa ameanguka majini siku ya kwanza, na wale wawili walikuwa wakisemezana kupitia kwake kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake.

Hapo sikuhitajika kutafsiri. Chumba kizima kilipiga yowe. Benchi moja likapinduka na watu wake. Mchungaji akaanza kukemea mapepo kwa sauti ya juu, na mkono wa mama ukaja gizani ukanikamata juu ya kiwiko, ukaminya nyama, ukaminya tena.

Kutoka upande wa wanaume, sauti moja ikashinda zote.

"Mama watoto! Mtoto ako hapo?"

"Ako, Baba! Nimemshika!"

"Mshike sana!"

"Si nimekuambia nimemshika!"

Kelele zikafifia. Mchungaji akaacha mapepo katikati ya sentensi. Mtu akainua blanketi la dirisha, jua likaingia, na watu wote wakawaona wazazi wangu wamesimama wima wakitazamana kutoka pande mbili za chumba, midomo wazi, kama wezi walionaswa. Mwenyekiti ndiye aliyeanza vigelegele. Vikashika hadi mlangoni, wanaume wakapiga makofi, fundi akazima mashine yake maana hakuna aliyekuwa akiitazama tena. Bibi kizee mmoja tu ndiye aliyelalamika kwamba samaki hajaja.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya katikati ya michai, wao mbele, mimi nyuma.

"Wewe ulipiga nduru," mama alisema.

"Mimi? Wewe ndiyo ulipiga."

"Na ukakanyaga mchungaji mguu."

"Huyo alikuwa amekaa vibaya."

Kutoka hapo wakaingia kwenye ng'ombe aliyepunguza maziwa, paa la jikoni, sanduku la shule la kuninunulia, na watu wa kanisa mmoja mmoja. Walikuwa na maneno ya miezi mingi na yote yalitaka kutoka kabla hatujafika. Wakati mwingine walisema wote kwa pamoja, na hakuna aliyesikiliza. Kuhusu mursik hakuna aliyegusa neno, na baba hajaomba msamaha hadi leo.

Walifika, wakaingia, na mama akafunga mlango kwa komeo. Mimi nilikuwa bado uani. Niliinua mkono nibishe, nikamsikia baba akiuliza sukari imewekwa wapi, na mama akimwambia iko pale pale inapokaa siku zote, afungue macho. Nikaushusha mkono. Nilikaa kwenye ngazi nikicheka na kulia, nimejaa furaha ambayo sijui niiseme vipi, nikiwasikiliza wakibishana ndani bila mimi. Nilijua naweza kwenda shule.